Mkono wa Mwanangu kwenye Bakuli

Nilivumilia mpaka alipochuchumaa mbele ya mwanangu.

Meneja wetu ni mrefu. Akichuchumaa, magoti yanamfika kifuani kama mtu mzima aliyekalia mbuzi ya kukunia nazi. Mkononi alikuwa na karatasi yangu, ile ya mechi sitini na tatu, ameikunja nne na kuikunjua mara nyingi mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Mwanangu ana miaka sita. Alikuwa amekaa kwenye chumba cha wafanyakazi, koti la shule kalifunga mpaka shingoni, anakula zabibu kavu moja moja. Siku ile shule ilifunga mapema kwa ajili ya Pasaka, mama yangu alikuwa amekwenda Croydon kuaga watu wake, na msimamizi wetu wa usafi aliniruhusu nimuweke pale nusu saa nimalizie kazi.

"Niambie kweli, mrembo," meneja akamwambia, kwa ile sauti ya watu wanaoongea na watoto wa wenzao. "Nani alimwambia mama majibu haya?"

Mwanangu akaitazama karatasi. Akaitambua.

"Hakuna," akasema. "Nilichagua mimi. Zote. Bibi alinifunga macho na mtandio."

Meneja akasimama, akatugeukia sisi tuliokuwa mle ndani, watu saba au wanane, kama wakili aliyemaliza kesi. "Basi mmesikia wenyewe. Hii si karatasi ya mfanyakazi wa hoteli hii."

Mimi nilikuwa mlangoni na foronya nimezikumbatia. Watu wanasema nilizitupa. Sikuzitupa, niliziweka chini. Kisha nikasema maneno haya, nayaandika kama yalivyonitoka ila niliyasema kwa Kiingereza:

"Wewe ni mtu mzima. Ukiwa na swali kuhusu mimi, niulize mimi. Nipo hapa na mdomo ninao. Mwanangu si shahidi wako. Na kama mimi ningekuwa na mtu wa kuniambia yatakayotokea duniani, unadhani ningekuwa hapa nakukunjia shuka?"

Mtu mmoja akachekea puani. Nikamshika mwanangu mkono, nikachukua begi lake, tukatoka kwa mlango wa mizigo.

Nilidhani nikifika stesheni ya Stratford nitalia. Sikulia. Nilijisikia kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu mwezi wa kwanza. Tulikaa ndani ya treni ya kurudi Ilford, mwanangu miguu inaning'inia, akaniuliza kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakisikia chote lakini ukimsemesha anakujibu cha huku:

"Mama, nimefanya vibaya?"

"Hujafanya vibaya. Umesema kweli."

"Mbona yule mtu alikasirika?"

"Kwa sababu umeshinda."

Akafikiri kituo kizima. "Nimeshinda nini?"

"Saa tatu na nusu asubuhi," nikamwambia.

Hakuelewa, na simlaumu. Hata mtu mzima inabidi aelezwe.

Hoteli yetu ina shifti tatu za usafi. Kuna ya alfajiri, inayoanza saa kumi na mbili, na kuna ya mchana inayokwenda mpaka usiku. Katikati kuna moja inayoanza saa tatu na nusu na kwisha saa nane na nusu, na shifti hiyo ina nafasi ya mtu mmoja tu. Kila mwenye mtoto wa shule anaitaka. Unampeleka mtoto, unafanya kazi, unamfuata mtoto. Ndiyo shifti ya binadamu.

Zamani, waliotangulia wananiambia, ilikuwa inakwenda kwa zamu. Halafu akaja huyu meneja kutoka Marekani. Huko kwao kila mwezi wa tatu kuna mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu, timu sitini na nne, ukifungwa mara moja unakwenda nyumbani. Na wao wana desturi: kabla mashindano hayajaanza, kila mtu anajaza karatasi yenye mechi zote, anabashiri nani atamfunga nani mpaka bingwa. Halafu wanangojea kuona nani amepatia. Kwao ni furaha tu ya ofisini. Sina tatizo na furaha ya mtu. Yeye lakini akaona aifanye iwe na faida: atakayeshinda ndiye atakayechagua shifti kwanza, kwa miezi mitatu. Akasema hiyo ni njia ya haki na inachangamsha kazi.

Mwaka wa kwanza nilijaza kwa kuuliza watu. Mwaka wa pili nilijaza kwa kusoma kwenye simu, wiki nzima, nani mrefu na nani kaumia goti. Miaka yote miwili nikawa karibu na mkia. Lakini miaka ile haikuwa na uzito, mtoto alikuwa bado ana mlezi wa kumpeleka asubuhi. Mwaka huu ndio ulikuwa na uzito.

Mama alikuja kutoka Unguja kabla ya Krismasi kwa ruhusa ya miezi sita. Nikitoka nyumbani kabla ya jua, yeye ndiye anayemwamsha mtoto, anamvalisha, anamsuka, anampeleka shule. Hajui Kiingereza, lakini walimu wote wa getini wanamjua. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa wiki moja baada ya shule kufungwa kwa Pasaka. Shule ikifunguliwa, hapatakuwa na mtu. Klabu ya asubuhi ya shule, inayopokea watoto kabla ya masomo, imejaa, tumeandikwa kwenye orodha ya kungojea tangu mwaka jana. Baba wa mtoto hayumo nyumbani na hayumo katika maelezo haya. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: nikipata shifti ya katikati, nabaki na kazi. Nisipopata, naacha kazi.

Mwezi wa kwanza nilimfuata meneja ofisini nikamweleza. Akanisikiliza vizuri, sitasema uongo. Kisha akatabasamu akasema, "Basi mwaka huu jaza karatasi yako vizuri."

Nikasema asante. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilisema asante.

Sasa nieleze ya bakuli. Katika mtaa wetu wa Ilford tuko nyumba saba za watu wa Unguja na Pemba. Kila Ramadhani tunafuturishana, na kila mwaka, wiki moja kabla ya mwezi kuandama, tunapiga kura nani atafuturisha siku gani. Hakuna anayetaka siku za katikati ya wiki, wote tunatoka kazini tumechoka. Kwa hiyo tunaandika vikaratasi, tunavikunja sawasawa, tunavitia kwenye bakuli, na mtoto mdogo kuliko wote anayeweza kufuata maneno anafungwa macho na kutoa. Mtoto, si mtu mzima. Mtu mzima anaweza kuwa na jicho, anaweza kukumbuka mkunjo. Mkono wa mtoto hauna tamaa. Likitoka jina lako siku ya Jumatano, huna pa kununa, utamnunia nani, mtoto wa miaka sita? Mwaka huu mkono ulikuwa wa mwanangu, nami nikapata Jumatano mbili. Nikapika, nikanyamaza.

Jumapili moja, tumo ndani ya mwezi, nilikuwa mezani na ile karatasi ya mechi. Mama alikuwa anafunga sambusa. Nilikuwa nimekwisha kusoma kurasa sijui ngapi na kichwa kinauma kwa funga. Mama akaniuliza nini kile nakitazama kama barua ya deni.

Nikamweleza.

"Na hao watu unawajua?"

"Hata mmoja."

"Na waliosoma wanapatia?"

"Hawapatii. Meneja mwenyewe aliucheza mpira huo alipokuwa chuoni, na mwaka jana alikuwa wa tisa."

Mama akabana ukingo wa sambusa, akaiweka kwenye sinia. "Kama anayejua hajui, basi piga kura upumzike."

Nikamuuliza, si itakuwa kamari? Hilo lilikuwa linanisumbua, na katika mwezi ule zaidi.

"Kamari unaweka kitu chako ili ule cha mwenzio," akasema. "Wewe umeweka nini?"

"Sijaweka kitu."

"Basi ni kura." Akachukua manda nyingine, akaongeza, maana mama yangu hakuachii ukakaa sawa, "Lakini hiyo shifti, ukiipata wewe, nani anaikosa?"

Nilikuwa namjua anayeikosa. Kuna dada wa ghorofa ya nne, ana mapacha, mume wake anaendesha lori siku nyingi hayupo. Anaihitaji kama mimi. Tumewahi kukaa pamoja kwenye ngazi za dharura tunakula, akaniambia, "Ukishinda nitakasirika, ila si na wewe." Nami nikamwambia hivyo hivyo. Mnaona tulivyofanywa.

Tukakata vikaratasi sitini na nne kwa barua za zamani za shule. Mama akavipima kimoja kimoja dhidi ya kidole chake, visizidiane. Tukamfunga mtoto macho kwa mtandio wa mama. Kila mechi tunatia karatasi mbili kwenye bakuli, mama anatikisa, mtoto anatoa moja, inayotoka ndiyo mshindi, inayobaki inakwenda kwenye taka. Vyuo vya majimbo ambayo sijui hata yako upande gani wa ramani. Mwanangu anatoa, mimi nasoma, mama anauliza, "Hao ni wa wapi?" Mimi nasema sijui. "Haya, wamepita."

Kwenye mechi ya ishirini hivi mtoto akachoka akaanza kuinua mtandio, anataka kuchagua majina mazuri. Kulikuwa na timu jina lake lina mnyama, akaitaka. Mama akairudisha ile karatasi bakulini, akamfunga upya, akamwambia, "Ukitazama tunaanza mwanzo." Hakutazama tena. Timu ya mnyama ikatolewa palepale, akanuna, akaendelea. Tulipofika kwenye mechi ya mwisho sambusa zilikuwa tayari na adhana ya kwenye simu ya mama imekaribia. Mwanangu akatoa bingwa. Chuo ambacho katika zile kurasa nilizosoma hakuna hata mmoja aliyekitaja kwa wema. Nikaandika. Nikasikia raha ya ajabu, ile raha ya kumaliza kitu ambacho hakikuwa mikononi mwako tangu mwanzo.

Asubuhi yake nikaipeleka karatasi, nikaitia kwenye boksi la ofisini mbele ya watu, siku tatu kabla ya mechi ya kwanza.

Karatasi zetu zote meneja alizibandika ukutani kando ya lifti ya mizigo, na kila asubuhi anapaka rangi: kijani umepatia, nyekundu umekosa. Wiki ya kwanza yangu ilikuwa nyekundu kama shamba la pilipili. Raundi ya kwanza ina mechi thelathini na mbili, nilipatia kumi na nne.

"Wewe ulijaza umefumba macho?" kijana wa mizigo akaniuliza.

"Mimi sikufumba," nikasema.

Wakacheka. Nikacheka nao. Sikuficha wala sikutangaza. Nilidhani imekwisha, na usiku nilianza kupiga hesabu ya kuacha kazi.

Lakini mchezo ule una hila katika pointi zake. Mechi ya raundi ya kwanza ina pointi moja, ya raundi ya pili ina mbili, halafu nne, nane, kumi na sita, na mechi ya mwisho ina pointi thelathini na mbili. Yaani kumpatia bingwa ni sawa na kupatia raundi nzima ya kwanza. Na kile chuo cha mwanangu, ambacho hakuna aliyekitaka, kikashinda. Kikashinda tena. Bingwa wa meneja akatolewa raundi ya pili, yeye aliyekuwa na daftari zima la maandishi. Na watu kumi na moja, maana walimwiga meneja, bingwa wao alikuwa huyo huyo. Kila kilipoanguka chuo kimoja, ukuta ulizidi kuwa mwekundu kwa wenzangu, na kwangu ikabaki njia moja ya kijani, nyembamba, inapanda kutoka chini mpaka juu kama mchwa.

"Dada, nani anakwambia?" kijana wa mizigo akaanza kuuliza, sasa hacheki.

"Hakuna anayeniambia."

"Nipe na mimi namba yake."

Eid ikapita. Tukala, tukatembeleana, nikamvalisha mwanangu gauni aliloletewa na bibi yake. Mechi ya mwisho ilichezwa huko kwao wakati sisi tumelala. Nilipofika kazini alfajiri nikaenda moja kwa moja kwenye lifti. Kijani mpaka juu. Nilikaa chini kwenye gari la mashuka. Nilishukuru Mungu, na papo hapo nikamwona dada wa mapacha amesimama nyuma yangu na ndoo, anatazama ukuta. Akanigusa bega. "Nimekasirika," akasema. "Kama tulivyokubaliana."

Siku tatu meneja hakusema neno. Hakuna tangazo, hakuna ratiba mpya. Siku ya nne aliniita, akataka nimweleze mbinu yangu. Nikamwambia sina mbinu, nimepiga kura. Akasema haiwezekani. Akasema mtu aliyekosa zaidi ya nusu ya raundi ya kwanza hawezi kumjua bingwa.

"Sikumjua," nikasema.

"Sasa umempataje?"

"Kwa bahati. Ningekuwa nimeiba majibu, na yale ya kwanza si ningeyapata pia? Mwizi gani anaiba nusu na kuacha nusu iliyo rahisi?"

Akatazama karatasi, akasema mashindano haya ni ya kuwatuza wanaojituma na kufikiri. Nikamwambia, "Basi wewe ulifikiri, umepata ngapi?" Sikupaswa kusema hivyo, lakini nilisema. Nadhani hapo ndipo aliponiwekea kinyongo, na ndipo siku ya pili yake, alipomkuta mtoto, akachuchumaa.

Sisi tuliutia mkono wa mtoto ili asije mtu akasema tumepanga. Kwake yeye mkono uleule ndio uliokuwa hatia. Nililifikiri jambo hilo njia nzima siku ile na sikuweza hata kumchukia sawasawa, nilikuwa nacheka. Mwanangu akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia nacheka kwa sababu bibi yake atapandwa na mori.

Akapandwa kweli. Mama alisikiliza yote amesimama, bado na koti la Croydon, akasema, "Amemuuliza mtoto? Mama yake yupo palepale?" Akarudia mara tatu. La shifti hakuliuliza kabisa.

Jumatatu nilirudi kazini nikiwa nimejitayarisha kufukuzwa. Ukutani karatasi yangu haikuwepo, mahali pake pameandikwa "udanganyifu", na ratiba mpya ilikuwa imetoka. Shifti ya katikati kapewa msafishaji wa ukumbi wa mapokezi, mshindi wa pili, kijana asiye na mke wala mtoto, aliyetaka kulala mpaka jua litoke. Alikuwa mwenyewe anaona haya, ananikwepa.

Anayetunza stoo yetu ya mashuka ni mama wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa, yuko hapa miaka mingi kuliko umri wangu. Tukikutana ni Kiswahili tu, na wenzetu hudhani tunasengenya, na mara nyingine tunasengenya. Siku ile alinisubiri, akafunga mlango wa stoo.

"Hebu kaa, mwanangu. Wewe walilia nini?"

"Silii, mama. Nimekasirika."

"Umekasirika kwa vile hukupewa zawadi. Na hiyo si zawadi. Wajua kwamba waweza kuomba?"

"Kuomba nini?"

"Saa. Waandika fomu, wasema nina mtoto, nataka kuanza saa tatu na nusu. Sheria ya hapa yamruhusu mfanyakazi yeyote. Na wao hawawezi kunyamaza, lazima wakujibu, na wakikataa watoe sababu. Si lazima nafasi iwe ile moja. Ile moja ni yake yeye kaitunga."

Nikamtazama. "Mbona hujaniambia miaka yote hii?"

"Mbona hukuniuliza? Nilikuona kila mwaka wangojea Wamarekani warushe mpira, nikadhani wapenda."

Tulicheka mpaka akashika rafu. Fomu tuliijaza palepale juu ya marobota ya taulo. Haikuchukua hata robo saa. Ile Jumapili nzima na bakuli, ile miaka miwili ya kuuliza watu na kusoma magoti ya vijana wa watu, na kilichokuwa kinatakiwa kilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Ningeweza kukasirika zaidi, lakini niliona nafuu tupu. Nilikuwa nimeshika ufunguo mwenyewe na sikuwa najua ni ufunguo.

Nikampelekea dada wa mapacha fomu ya pili. Akaisoma amesimama kwenye korido, akasema tusi moja refu la kwao ambalo sikuomba tafsiri.

Ofisi ya utumishi iliniita baada ya siku chache. Dada wa pale ni mpole, ana mishumaa ya harufu mezani. Akaniambia ombi langu limekubaliwa, naanza saa tatu na nusu shule itakapofunguliwa, na lile la mwenzangu pia limekubaliwa, atakuwa wa kuanza saa tatu. Hakuna mtu atakayenyang'anywa kitu. Vyumba vinasafishwa saa hizo hizo, ndivyo alivyosema, kama jambo lililojulikana siku zote. Nilimwona mwanangu akilini, tunatembea naye kwenda shule, na mimi mwenyewe nimeshika begi lake.

"Kwa hiyo hili tumelimaliza," akasema.

"La saa tumelimaliza. Asante."

"Kuna lingine?"

"Lipo. Nataka fomu ya malalamiko."

Akaniuliza kwa upole kama nina hakika, maana nimeshapata nilichokuwa nakitaka, na malalamiko yana mambo mengi, mikutano, mashahidi. Nikamwambia mashahidi ninao saba, na wa nane asiulizwe tena.

Mama aliondoka siku mbili baadaye. Kwenye uwanja wa ndege hakuniusia kula wala kuswali, aliniuliza kama nimeshaandika. Nikamwambia naandika usiku wa leo. Niliandika asubuhi, mtoto akiwa anatazama katuni. Niliiandika kwa Kiingereza, mama wa stoo akanirekebishia sehemu mbili na kunikataza neno moja. Hii hapa, kwa Kiswahili, majina nimeyatoa.

*

Kwa Ofisi ya Utumishi.

Natoa malalamiko rasmi dhidi ya meneja wa hoteli.

Siku ya mwisho ya muhula wa shule, katika chumba cha wafanyakazi, mbele ya wafanyakazi wasiopungua saba, meneja alimhoji binti yangu wa miaka sita kuhusu mimi. Nilikuwepo, na hakuniomba ruhusa. Alimuuliza nani alinipa majibu, maana yake alimwambia mtoto kwamba mama yake ni mdanganyifu. Kisha alitumia jibu la mtoto kunihukumu hadharani. Binti yangu tangu siku hiyo ameniuliza zaidi ya mara moja kama yeye ndiye aliyenikosesha kazi.

Nakubali kwamba karatasi yangu ilijazwa kwa kura, na kwamba aliyetoa kura ni binti yangu, nyumbani kwangu, siku ya mapumziko yangu. Hakuna kanuni iliyoandikwa inayokataza. Niliikabidhi kabla ya mechi ya kwanza na wenzangu waliniona. Hakuna binadamu anayeweza kudanganya kuhusu mambo ambayo hayajatokea. Nataka neno udanganyifu liondolewe popote lilipoandikwa juu yangu.

Nalalamika pia kwamba kwa miaka mitatu saa za kazi za watu wenye watoto zimegawiwa kwa mchezo wa kubahatisha. Nilimweleza meneja mwezi wa kwanza kwamba nitakosa mtu wa kumpeleka mtoto shule. Aliniambia nijaze karatasi vizuri. Alipaswa kuniambia kwamba nina haki ya kuomba. Kama hakujua, ajifunze. Kama alijua, hilo ni baya zaidi.

Sidai shifti, nimeshapewa. Sidai zawadi ya mashindano. Nadai mambo haya: saa za kazi zisigawiwe tena kwa mchezo wowote, wa kwao wala wa kwetu. Kila mfanyakazi wa usafi apewe ile fomu ya kuomba saa siku anayoajiriwa, na aelezwe kwa lugha anayoielewa. Na meneja aandike barua ya kuomba radhi. Asiniandikie mimi, amwandikie binti yangu, kwa jina lake, kwa maneno mepesi, kwa sababu ameanza kusoma mwenyewe na ataisoma.

Nipo tayari kuhojiwa wakati wowote kati ya saa tatu na nusu na saa nane na nusu.